Pingi nne zimerudi, fundi kaondoka: dhana potofu kuhusu kupima mtandao wa antena kati ya majengo

Shule au zahanati yenye majengo mawili yaliyoachana mita mia kadhaa huunganishwa kwa antena mbili zinazotazamana, na mtaro wa kebo hauchimbwi. Ni njia nzuri na nafuu. Kinachoniumiza ni namna tunavyoipima siku ya makabidhiano, kwa sababu watakaolipia upimaji wa haraka ni wale waliobaki na mtandao unaokatika wagonjwa wakiwa kwenye foleni.

"Pingi zote zimerudi, kwa hiyo mtandao ni mzima."

Hii ndiyo dhana yenye hasara kuliko zote. Kompyuta ya Windows, usipoiambia vingine, hutuma pingi 4 (ujumbe mdogo wa majaribio ambao kifaa cha upande wa pili huujibu), kila moja ikibeba baiti 32 tu. Pakiti, yaani kipande kimoja cha data, ya faili linalopakuliwa hufika baiti 1,500. Umepitisha vipakiti vidogo kwenye njia isiyo na kazi, na hilo halikuambii njia itafanyaje saa nne asubuhi ofisi zote zikiwa wazi.

Idadi nayo ina maana yake. Ukituma pingi 100 na zote zikarudi, kwa hesabu za takwimu upotevu halisi wa pakiti bado unaweza kukaribia asilimia 3 bila wewe kuuona. Zikirudi 1,000 zote, kiwango hicho hushuka hadi karibu asilimia 0.3. Pingi moja kwa sekunde kwa usiku na mchana ni 86,400, na hapo ndipo unapoanza kuwa na la kusema.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitazami. Redio za waifai, kama zilizo kwenye antena hizi, zisipopata uthibitisho kwamba pakiti imepokelewa, huituma tena zenyewe, pengine mara kadhaa. Kwa hiyo kiungo kibovu kinaweza kuonyesha upotevu sifuri huku kikihangaika. Ushahidi uko kwenye milisekunde: pingi iliyokuwa ikirudi kwa 2 inaruka hadi 80, kisha 2, kisha 140. Tazama zilizochelewa kwa makini uleule unaotazamia zilizopotea. Tuma pingi kubwa, za baiti 1,472 (vichwa vya pakiti, yaani taarifa za anwani zinazotangulia data, vitakamilisha 1,500), na uzitume wakati njia ina mzigo.

"Nimepima kasi kwenye simu, namba ni nzuri."

Umepima safari nzima hadi seva iliyo mbali, pamoja na waifai ya chumbani na kifurushi chenu cha intaneti. Kama kifurushi ni megabiti 20, kiungo chenye uwezo wa 200 na chenye uwezo wa 25 vitatoa jibu moja. Weka kompyuta kila upande, zote zimechomekwa kwa kebo, na uendeshe iperf3, programu ya kupima kasi, kati yake. Ukimaliza, ongeza `-R` data ije kwa upande wa pili. Usiruke hatua hii: antena iliyo juu ya paa lenye makelele ya redio za majirani inaweza kusikia vibaya huku mwenzake akisikia vizuri kabisa.

Na ile megabiti 300 iliyoandikwa kwenye boksi la antena ni kasi ya redio hewani. Redio za aina hii hazitumi na kupokea kwa wakati mmoja, na kila pakiti ina gharama zake, kwa hiyo kupata karibu nusu ya namba hiyo si dalili ya ubovu.

"Jengo la pili naliona kwa macho, njia iko wazi."

Mawimbi hayapiti kwenye uzi mwembamba. Kwa umbali wa kilomita 1 na masafa ya gigahezi 5.8, eneo yanalolihitaji, liitwalo eneo la Fresnel, lina nusu kipenyo cha mita 3.6 pale katikati ya njia. Angalau asilimia 60 ya hiyo, yaani kama mita 2.2 kuzunguka mstari hapo katikati, iwe tupu. Mwembe wa katikati ya njia ambao kilele chake kiko mita moja chini ya mstari tayari umeingia ndani, na mwaka ujao utakuwa umerefuka.

"Mvua ndiyo inayokata mtandao."

Kwenye gigahezi 5, matone yenyewe hayana athari ya maana kwa umbali huu. Chunguza majani yaliyolowa, maji yaliyoingia kwenye viungio vya kebo, na kutu ya hewa ya chumvi kama uko pwani. Kwa redio za gigahezi 60 lawama ni ya haki: mvua huzipiga vibaya, na hata oksijeni ya hewani hula karibu desibeli 15 (kipimo cha kupungua kwa nguvu ya mawimbi) kwa kila kilomita.

"Ukikatika, ongeza nguvu."

Nguvu ya kupita kiasi hulemea kipokezi cha upande wa pili, wala haiondoi kelele zinazokizunguka. Kabla ya kugusa nguvu, angalia umekatika kwa muda gani. Ukatikaji wa dakika moja hivi, kisha kila kitu kurudi kwenye chaneli nyingine, ni dalili ya rada. Kwenye sehemu za masafa ya gigahezi 5, redio ikidhani imesikia rada hulazimika kuhama, na kama chaneli mpya nayo iko kwenye sehemu hizo, huisikiliza kwa angalau sekunde 60 kabla ya kurusha tena. Pingi zilizorekodiwa pamoja na saa zitakuonyesha dakika hiyo, na kumbukumbu za redio zitathibitisha.