Upungufu wa maji mwilini: tazama na chumvi iliyotoka

Saa saba mchana, Februari, Kariakoo. Kijana amesukuma mkokoteni tangu alfajiri. Shati limemganda mgongoni, na pale lilipoanza kukauka limechora mistari myeupe. Anasimama kivulini, ananunua soda ya baridi na kuimaliza kwa mikupuo mitatu. Kiu imekatika. Ile mistari myeupe kwenye shati, hata hivyo, ni chumvi, na chumvi hiyo haijarudi.

Tukisikia "upungufu wa maji mwilini" tunawaza ndoo iliyovuja, na dawa yake ni kujaza tu. Kumbe maji, ambayo ni kama asilimia 60 ya uzito wa mtu mzima, hushikwa mwilini na chumvi, hasa sodiamu. Anayetoka jasho jingi au kuharisha hupoteza vyote viwili. Akifidia kwa maji matupu, tena mengi kwa mpigo, sodiamu kwenye damu hupungua ukali, figo huanza kuyamwaga, na muda si mrefu yuko chooni. Akizidisha mno, anaweza kuugua. Kwenye mbio za marathoni za Boston mwaka 2002, wakimbiaji walipopimwa damu mwisho wa mbio, asilimia 13 walikutwa na sodiamu iliyo chini ya kawaida, na waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa sana njiani.

Sukari nayo ina kazi yake, ila kwa kipimo. Kwenye utumbo mwembamba sodiamu na glukosi, ambayo ni aina ya sukari, hupita mlango mmoja, zikiongozana, na maji hufuata nyuma yao. Mwanabiokemia Robert Crane alieleza jambo hilo mwaka 1960. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis alikuwa Bangaon, India, katikati ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh waliokuwa wakifa kwa kipindupindu. Dripu zilipokaribia kwisha aliwapa maji ya sukari na chumvi wanywe, na vifo vikashuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya 4. Mimi nikiona pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, imelala kwenye rafu ya duka la dawa huwakumbuka watu wale. Ni kitu cha bei ndogo mno kwa kazi kinayofanya.

Sasa linganisha. Lita moja ya ORS ina glukosi gramu 13.5. Lita moja ya soda huwa na sukari kama gramu 100. Sukari nyingi hivyo ikifika tumboni huvuta maji kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo, ndiyo maana mtoto anayeharisha hapewi soda, hata ikitikiswa gesi yote ikatoka. Mpe ORS. Ikikosekana kabisa, chukua lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Usikisie, maana chumvi ikizidi inadhuru. Mchanganyiko uliovuka saa 24 umwage. Mtoto wa chini ya miezi 6 aendelee kunyonya, na katika siku za kawaida hahitaji hata maji, joto liwe kali namna gani.

Kwa mtu mwenye afya anayekula milo yake, maji ya kawaida yanatosha, kwani chumvi anaipata kwenye mboga na supu. Hapo ndipo kosa la yule kijana wa mkokoteni lilipo: soda imechukua nafasi ya chakula cha mchana. Maji na sahani ya wali maharage vingemfaa zaidi. Kinywaji cha chumvi kila siku si cha kila mtu, na mwenye presha ajihadhari nacho.

Chai inasingiziwa kwamba inakausha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwanywesha wanaume lita moja ya vinywaji mbalimbali, na chai na kahawa hazikuwakojosha kuliko maji. Maziwa na ORS ndivyo vilivyokaa mwilini zaidi. Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu haba, hivyo hayachukui nafasi ya ORS, na mgonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Pombe huongeza mkojo.

Ninaowahofia zaidi ni wazee. Umri ukisogea kiu hufifia, na bibi anaweza kushinda kutwa bila kuomba maji huku mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Usimngoje aseme. Mpe kikombe kila mlo, na kingine katikati. Ukiona amelegea, anachanganya maneno au hajakojoa tangu asubuhi, mpeleke hospitali.