Katikati ya mji wa Iringa: tunayosimuliana na ukweli wenyewe

Kila ndugu akija Iringa nampitisha katikati ya mji, tunaanzia Boma la zamani tunamalizia sokoni, na kila safari nasikia yaleyale, mengine kutoka kwa wenyeji kabisa wa hapahapa, so leo niyaweke sawa.

La kwanza ndo linaloniuma zaidi, eti hapa town ndo palikuwa kwa Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Hapana jamani. Jina ndo la kwake, maana Iringa imetoka kwenye lilinga, yaani ngome kwa Kihehe, ila lilinga yenyewe ilikuwa Kalenga, kama kilomita 15 kutoka hapa, na Wajerumani waliivunja Oktoba 1894. Huu mji wa juu kilimani wakauanzisha wao 1896, ofisa wao Tom von Prince huyo, wakati Mkwawa bado yuko hai porini anawasumbua. Kwa hiyo ukipita hii mitaa unatembea ilipokuwa kambi ya adui zake! Mi naona mtoto wa Iringa akishalijua hilo hawezi tena kuyaangalia haya majengo vilevile.

Halafu mnara ule wa karibu na polisi. Nishamsikia mzazi anamwambia mwanae hii ni kumbukumbu ya vita ya Mkwawa. Mnara ni wa Maji Maji, ile vita nyingine ya kuwapinga Wajerumani, 1905 mpaka 1907, na Mkwawa alishajipiga risasi kule Mlambalasi Julai 1898, sasa angepiganaje? Vita yake yeye ni Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipokimaliza kikosi cha Wajerumani cha kamanda Zelewski na Zelewski mwenyewe akafa (ile Lugalo ya jeshi pale Dar jina limetoka huku kwetu). Tena Maji Maji ilipolipuka Wahehe wengi hawakuingia, walishapigana ya kwao miaka na miaka.

Boma nalo watu wanasema lilikuwa gereza, nadhani ni zile kuta nene ndo zinawadanganya. Wajerumani walilijenga kama hospitali ya jeshi, baadaye likawa ofisi za serikali miaka mingi, na tangu 2016 ni makumbusho. Wengine wanapita nje tu wakijua ni pa watalii wazungu, ingieni jamani, ni kwenu pale. Ila usiende ukitegemea kukuta fuvu la Mkwawa, utatoka umenuna bure. Fuvu liko makumbusho ya Kalenga, lilirudi kutoka Ujerumani 1954, gavana Twining akamkabidhi chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, huyohuyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge.

Na basi halikushushi town siku hizi, stendi kubwa iko Igumbilo, unachukua daladala au bajaji unapanda nayo mlima. Beba sweta, hasa Juni na Julai, usidanganywe na jua la saa sita.

Pale sokoni vikapu wengi wanadhani ni vya ukili kama vya pwani, kumbe vyetu vinasukwa kwa milulu, aina ya nyasi. Msalimie mama "kamwene" kwanza ndo muongee bei. Mkitoka hapo na jua bado lipo, tafuteni usafiri wa Kalenga siku hiyohiyo, watoto walione na lile fuvu wakati habari ya kambi ya Wajerumani bado iko kichwani.