Je, wajua kwa nini mtu wa kawaida huweza kupanda mlima wa Ulaya kwa baskeli, na kilima cha Pemba kikamshinda?

Aliyeshuka boti Mkoani, mji wa bandari wa Pemba, na kutoka bandarini kwa baskeli anajua: mguu unaanza kazi kabla pumzi haijakaa sawa. Unguja ni tambarare kwa sehemu kubwa, lakini Pemba ukimaliza kilima unakutana na mwenziwe. Hata hivyo, Pemba nzima hakuna kilima kinachofika mita 150 juu ya usawa wa bahari. Huko Ufaransa na Italia, kila kiangazi watu hutoa pesa zao za nauli, hoteli na kukodi baskeli, na likizo yenyewe ni kupanda barabara zinazovuka milima kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Wengi si wanamichezo wa kulipwa. Wamo makarani, walimu, na wastaafu wenye vitambi. Wanafikaje juu, ilhali kijana wa Chake Chake mwenye nguvu zake anashuka na kusukuma kwenye mpando wa dakika tano?

Jawabu la kwanza limo kwenye barabara. Ichukue Stelvio, barabara ya mlimani kaskazini mwa Italia karibu na mpaka wa Uswisi. Ilijengwa kati ya 1820 na 1825, wakati jimbo la Lombardia likiwa chini ya dola ya Austria, na mhandisi wake alikuwa Carlo Donegani. Motokaa hazikuwepo. Waliotarajiwa kupita ni askari na mikokoteni ya farasi. Farasi mwenye mzigo akipewa mpando mkali hukwama, kwa hiyo Donegani aliipinda barabara ubavuni mwa mlima. Kutoka upande wa kijiji cha Prato kuna kona kali 48, na mita 1,800 za kupanda zimetandazwa kwenye kilomita 24 hivi. Wastani wake ni kati ya asilimia 7 na 8, yaani kila mita 100 za barabara zinakunyanyua mita 7 na kitu. Ni kazi, lakini ni kazi inayofanyika.

Jambo hilo hilo utaliona Pemba bila ya mhandisi. Mtazame mwenye gunia la makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kwenye keria, anayepeleka kiwanda cha mafuta ya karafuu Wawi. Akifika kwenye mpando haendi moja kwa moja. Anakata barabara kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena, huku daladala nyuma yake ikipiga honi. Anaurefusha mpando ili ulale. Tofauti ni kwamba yeye ana upana wa barabara moja tu, na Donegani alikuwa na ubavu mzima wa mlima.

Jawabu la pili ni gia, na hapa ndipo mtu wa Pemba anapoonewa. Baskeli yake ina meno ya aina moja tu: tuseme 44 mbele na 18 nyuma. Kwa tairi la kawaida, mzungusho mmoja wa pedeli humsogeza mita 5.4 hivi. Kwenye mpando wa asilimia 8, hiyo ni kujinyanyua sentimita 43, pamoja na baskeli na gunia, kwa kila mzungusho. Mtalii wa Stelvio anaweza kuweka meno 34 mbele na 34 nyuma, akasogea mita 2.1 tu na kujinyanyua sentimita 17. Anakwenda polepole mno, lakini goti halilii. Kisha hana gunia; mizigo yake mara nyingi huchukuliwa na gari la waandaaji wa safari.

Zamani hata mabingwa hawakuwa na raha hiyo. Mashindano ya baskeli ya Tour de France, yaliyoanza 1903, yalipelekwa kwenye mlima wa Tourmalet, Ufaransa, mwaka 1910, na gia za kubadilisha kwa kuhamisha cheni hazikuruhusiwa kwa washindani wote hadi 1937. Mwaka 1913 mshindani Eugène Christophe alivunjikiwa uma wa mbele akishuka Tourmalet. Aliibeba baskeli kilomita nyingi hadi kijijini, akaingia kwa mhunzi na kuuchomelea mwenyewe, maana sheria ilikataza kusaidiwa. Akaadhibiwa kwa sababu mtoto mmoja alimvutia mivuo. Mimi naona waamuzi wale walikuwa na roho ngumu kuliko mlima.

Kinachowavuta watu ni kwamba barabara ya mabingwa ni ile ile ya umma, wala hulipi kiingilio. Alpe d'Huez, mpando wa Ufaransa ulioingia Tour mwaka 1952 na Muitalia Fausto Coppi akashinda, ina kilomita 13.8 na kona 21 zenye vibao vya namba, kuanzia 21 chini hadi 1 juu. Bingwa mwingine wa Italia, Marco Pantani, aliimaliza kwa chini ya dakika 40. Wewe ukitumia saa mbili kimo ni kile kile, ila nguvu unayoitoa kila dakika, kwa kila kilo ya uzito, ni chini ya theluthi ya yake. Hapo ndipo mwenye kitambi anapopata nafasi.

Juu kuna mambo mawili yasiyojulikana kwetu. Stelvio kileleni ni mita 2,757, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu robo kuliko ya pwani. Na kuna baridi: theluji huifunga njia majira ya baridi, na hata katikati ya kiangazi anayeshuka huvaa koti, kwa kuwa jasho la kupandia huwa baridi kama barafu mwilini.

Asiye na nauli ya Ulaya anaweza kuhesabu nyumbani. Kuna waendesha baskeli duniani wanaochagua kilima kimoja na kukipanda na kushuka mpaka jumla ya kupanda itimie mita 8,848, kimo cha Everest. Alpe d'Huez ni mita 1,100 hivi za kupanda. Kwa kilima cha Pemba chenye mita 50, hiyo ni mara 22. Everest ni mara 177.