Bati likishushwa, bima ya nyumba inasemaje?

Tanzania wengi tunakarabati nyumba tukiwa tunaishi humo humo: familia inajibana chumba cha nyuma, mafundi wanagonga sebuleni. Wenye bima ya nyumba ni wachache, na inaniuma kuona hao wachache wakikosa fidia kwa sababu ya mambo waliyoyaamini bila kuuliza.

"Bima ninayo, ukarabati umo." Usichukulie hivyo. Kampuni ilikubali kubeba hatari ya nyumba yenye paa, milango na nyaya zilizofunikwa. Ukishusha bati au ukamwita mchomeleaji wa grili, hatari imebadilika, na mikataba mingi inakudai utoe taarifa. Mvua ikiingilia pale mlipopaacha wazi, kwa kawaida hailipwi kama dhoruba. Wizi nao mara nyingi hulipwa pakiwa na dalili za kuvunja. Mlango uliokwisha kung'olewa utavunjwaje? Hata ukihama kupisha vumbi, hesabu siku, kwani mikataba mingi hupunguza kinga nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30.

Taarifa yenyewe ni barua moja tu: kazi gani, nani anaifanya, kwa muda gani, kwa gharama gani. Dai jibu la maandishi. Wakiongeza ada, ilipe kabla fundi hajapanda juu, maana bila ada kulipwa hakuna kinga.

"Fundi akiharibu, bima italipa." Ukuta uliojengwa vibaya ni deni la fundi, na bima ya nyumba haigharamii kuurudia. Kwa kazi kubwa, kama kuongeza ghorofa au kubomoa ukuta unaobeba paa, tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na akuonyeshe bima ya kazi hiyo: jengo linaloendelea, vifaa vilivyopo saiti, na madhara kwa jirani. Fundi wa kutwa kwa kawaida hana chochote cha namna hiyo. Akianguka kutoka kwenye kenchi, familia yake itakuja kwako, kwa hiyo ulizia mapema kama kinga yako ya madhara kwa watu wengine inamhusu na yeye.

"Benki ilishanikatia bima." Ilikata kulinda mkopo wake. Soma kiasi kilichoandikwa: huenda kinatosha deni tu, si nyumba.

"Kazi imekwisha, bima ni ile ile." Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa sababu maumivu yanakuja miaka baadaye. Chukua nyumba iliyokatiwa bima ya shilingi milioni 60. Umeongeza vyumba viwili, vigae na jiko jipya. Sasa kuijenga upya kungegharimu milioni 100. Jiko linaungua, hasara milioni 20. Unategemea milioni 20, lakini mkataba wenye kifungu cha wastani, yaani kinacholipa kwa uwiano wa kiasi ulichokatia bima, unasema umeikatia bima asilimia 60 tu ya nyumba, basi utapata milioni 12. Nane unazitafuta mwenyewe, na ada hukuwahi kuikosa hata mwaka mmoja.

Kwa hiyo mwite mthamini kazi ikiisha. Mwulize gharama ya kujenga upya, ikiwemo kusafisha kifusi, wala si bei ya kuuza: kiwanja cha Mbezi kinapandisha bei ya nyumba, lakini kiwanja hakiungui. Risiti za bati, nondo na vigae zipige picha ujitumie kwa barua pepe, kwani zilizobaki kabatini zitaungua pamoja na kabati.