Je, Chicago ni mji wa pili kwa wingi wa Wapolandi?

Kwa miaka mingi imesemwa, hata na wenyeji wenyewe, kwamba baada ya Warsaw, mji mkuu wa Poland, hakuna mji duniani wenye Wapolandi wengi kuliko Chicago. Ukweli wa kauli hiyo hutegemea nani anahesabiwa. Wanaojitambulisha kuwa na asili ya Poland katika Chicago na vitongoji vyake ni takriban 800,000, lakini wengi wao ni wajukuu na vitukuu wa wahamiaji waliokuja zamani kufanya kazi viwandani na machinjioni, na Kipolandi hawakijui. Waliozaliwa Poland hawafiki 200,000, ilhali huko Poland, mji wa Kraków peke yake una wakazi wapatao 800,000 na mji wa Łódź una zaidi ya 600,000.

Hata hivyo, uvumi huu haukuzuka hivi hivi. Huko Chicago, Parokia ya Mtakatifu Stanislaus Kostka ilianzishwa mwaka 1867, gazeti la Dziennik Związkowy limekuwa likichapishwa kwa Kipolandi tangu 1908, na Kwaresima ikikaribia watu hupanga foleni asubuhi na mapema nje ya maduka ya mikate kununua pączki, maandazi ya mviringo yaliyojazwa jemu. Nchini Poland huliwa Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Huko Chicago huliwa Alhamisi hiyo na tena Jumanne inayofuata, na hakuna anayelalamika.