Unyayo mkubwa kwenye theluji si ushahidi wa yeti

Moshi ni mji wa habari za mlima, na yeti, kiumbe mkubwa mwenye manyoya anayesimuliwa kuishi milima ya Himalaya, hakosi kutajwa. Ushahidi unaoletwa ni uleule: picha ya unyayo aliyopiga Mwingereza Eric Shipton mwaka 1951, shoka la barafu likiwa kando kuonyesha ukubwa.

Picha yenyewe haithibitishi mnyama, kwa sababu theluji haitunzi kipimo. Jua likiwaka, kingo za alama huyeyuka, alama hupanuka na vidole huungana. Usiku huganda tena, na umbo jipya huonekana kama la awali. Hata alama ya buti iliyoachwa alfajiri kwenye theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, yaweza kupanuka hivyo kufikia alasiri. Tena dubu huweza kukanyaga kwa mguu wa nyuma palepale alipokanyaga wa mbele, ukapatikana unyayo mmoja mrefu kama wa mtu.

Mwaka 2017 timu ya mwanasayansi Charlotte Lindqvist ilipima vinasaba vya sampuli 9 zilizodaiwa kuwa za yeti: 8 zilikuwa za dubu, 1 ya mbwa.

Anayetaka kuaminika apige picha nyayo kadhaa zinazofuatana, kamera ikitazama chini wima, rula ikiwa kando, na aandike saa. Nywele zishikwe kwa kibano safi, ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Plastiki hufungia unyevu, kuvu huota na vinasaba huharibika.