Peleti za kasuku: kuchagua, kuchanganya na kumzoesha ndege bila kumtia njaa

Kasuku wengi wa majumbani hulishwa alizeti, karanga, mtama na wali uliobaki. Siku hizi wafugaji wengine hapa Mwanza wameanza kuulizia peleti, yaani chakula kilichosagwa, kikachanganywa na kubanwa kuwa punje ngumu. Yafuatayo ni maswali yanayojirudia, pamoja na majibu yake.

Kasuku wangu anapenda alizeti na karanga kuliko chochote. Kuna ubaya gani?

Anazipenda kwa sababu zina mafuta. Kiini cha alizeti, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Kalsiamu ni kidogo, na vitamini A karibu haipo. Ndege wa porini huruka kutwa nzima na kuyachoma mafuta hayo, lakini wa kwenye tundu hukaa nayo, na mwisho yanajaa kwenye ini.

Upungufu wa vitamini A huonekana mdomoni mapema. Kaakaani mwa kasuku kuna mpasuko mrefu, na kando yake kuna vijinyama vyenye ncha vilivyojipanga kama meno ya kitana. Kwa ndege aliyelishwa mbegu tupu kwa miaka, vijinyama hivyo hulika vikawa butu, pengine vikaisha kabisa. Uvimbe mweupe hutokea chini ya ulimi, pua huziba, ndege anapiga chafya kila mara. Hapo mwenye ndege hununua antibiotiki, chafya inapungua wiki moja, kisha inarudi, maana chanzo kiko kwenye bakuli.

Kasuku wa kijivu ana tatizo lake la ziada. Kalsiamu ya kwenye damu yake hushuka kirahisi kuliko kwa kasuku wengine. Unamkuta chini ya tundu akitetemeka, amekunja vidole, dakika chache baadaye amesimama kama hakuna kilichotokea. Hiyo ni dharura. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Halafu kuna sumukuvu. Karanga na mahindi yaliyoanikwa vibaya hubeba sumu ya ukungu inayoua ini, na ndege huathirika nayo sana. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Ndege wa gramu 450 hana ubavu wa kuihimili. Karanga iliyosinyaa, yenye doa au ladha chungu, usimpe, na kuikaanga hakuondoi sumu.

Kwenye maduka ya pembejeo kuna peleti za kuku na za samaki, bei nafuu. Si zilezile?

Hapana, na hili ndilo kosa tunaloomba lisifanyike. Chakula kinachoelea cha sato wa vizimba ziwani kinafanana sana na peleti za kasuku: duara, kahawia, nyepesi. Lakini mara nyingi protini yake ni asilimia 28 hadi 35, wakati kasuku mzima asiyetaga anatosheka na asilimia 12 hadi 15. Mafuta ya samaki yaliyomo nayo huchacha haraka.

Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4 kwa ajili ya maganda. Kasuku anahitaji kati ya asilimia 0.5 na 1. Inayozidi hujikusanya kwenye figo na kuziharibu, na dalili zinapoonekana figo huwa zimeshakwenda. Chakula cha kuku wa nyama hakifai vilevile: protini ni nyingi, na baadhi yake huchanganywa dawa za kuzuia kuhara damu, kwa kipimo cha kuku, si cha kasuku. Dagaa wa kwenye mchanganyiko wa mitaani huja na mchanga na chumvi, na chumvi nyingi ni sumu kwa ndege mdogo.

Nisome nini kwenye mfuko kabla ya kununua?

Anza na maandishi ya nyuma. Tafuta protini asilimia 12 hadi 15, mafuta asilimia 4 hadi 8, kalsiamu asilimia 0.5 hadi 1, na uhakikishe vitamini D iliyotajwa ni D3, kwa sababu ndege hawanufaiki vya kutosha na D2. Peleti za ndege wanaotaga au wanaolea makinda zina protini na mafuta zaidi. Ni za msimu, si za mwaka mzima.

Ukubwa wa punje una maana kuliko watu wanavyodhani. Kasuku wa kijivu hupenda kushika punje kwa mguu na kuitafuna, hivyo milimita 5 hadi 8 zinamfaa. Cherero, kale kakasuku ka kijani na kichwa cha chungwa ambako asili yake ni hukuhuku kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa, kanahitaji milimita 2 hadi 3. Punje kubwa kwa cherero zinageuka kuwa vumbi la kumwagwa.

Peleti za rangi rangi hazina lishe ya ziada. Ubaya wake ni kwamba rangi huhamia kwenye kinyesi, na kinyesi ndicho kinachokuonyesha ndege anaumwa. Chukua za kahawia.

Ukiuziwa peleti zilizopimwa kwa kilo ndani ya mfuko wa nailoni, omba uone mfuko mama na tarehe ya mwisho. Kama haupo, acha. Vitamini A na E hupotea kwa hewa, mwanga na joto, na punje iliyopoteza vitamini haibadiliki sura.

Naweza kuchanganya aina mbili za peleti?

Unaweza, na kwa mji wetu tunashauri hivyo, kwa sababu mzigo wa aina moja ukikatika na ndege hajui nyingine, atagoma. Mpe mbili zilizo karibu kwa ukubwa wa punje, la sivyo atachagua moja na kuiacha nyingine.

Piga hesabu kabla ya kuchanganya. Tuseme una peleti A yenye protini asilimia 14 na peleti B, ya ndege wanaolea, yenye asilimia 20. Ukichanganya vipimo vitatu vya A na kimoja cha B: 14 mara 3 ni 42, jumlisha 20 ni 62, gawanya kwa 4 unapata 15.5. Hiyo inabebeka kwa ndege anayemaliza kunyonyoka manyoya. Nusu kwa nusu ni asilimia 17, nyingi kwa ndege aliyetulia. Vipimo viwe vya uzito kwenye mizani, si vya kikombe, maana peleti iliyovimba kwa mvuke ni nyepesi na iliyobanwa bila joto ni nzito. Kikombe kimoja cha kila aina hakilingani.

Ndege anayekula peleti usimwekee unga wa vitamini wa kuku kwenye maji ya kunywa. Peleti tayari ina vitamini zake. Vitamini A na D3 zikizidi hukaa mwilini, hazitoki na maji, na D3 iliyozidi hupeleka kalsiamu kwenye figo. Tena maji yenye vitamini huota utelezi wa vijidudu ndani ya saa chache.

Kiasi gani kwa siku, na mboga je?

Kasuku wa kijivu wa gramu 450 hula takribani gramu 30 hadi 35 za chakula kikavu. Cherero wa gramu 50 hula gramu 5 hadi 8. Peleti ziwe kama robo tatu ya mlo wa kasuku mkubwa. Kwa cherero acha robo ya mbegu ndogo kama ulezi na uwele, iliyobaki iwe peleti na mboga.

Kwenye mboga, Kanda ya Ziwa imebarikiwa. Viazi lishe vya rangi ya chungwa, vilivyochemshwa bila chumvi, vinaongoza kwa asili ya vitamini A. Boga, karoti, majani ya mlonge, sukuma wiki na pilipili hoho zinafuata. Mchicha mpe kidogo, si kila siku, kwa sababu una oksaleti inayofunga kalsiamu. Papai na embe ni kitoweo, si mlo.

Parachichi usimpe hata kipande. Lina sumu inayoathiri moyo wa ndege, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Chokoleti, kahawa, pombe, vitunguu na muhogo mbichi navyo vikae mbali na tundu.

Nimemwekea peleti, hataki hata kuzigusa. Nifanyeje?

Ndege aliyekulia kwenye alizeti haoni peleti kama chakula. Kwake ni vijiwe. Anaweza kufa njaa mbele ya bakuli lililojaa, kwa hiyo ule ushauri wa "mwache ashike njaa, atakula tu" unaua ndege.

Kwanza nunua mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Mpime kila asubuhi, baada ya kinyesi cha kwanza na kabla ya kula, uzito uandikwe kwenye daftari. Fanya hivyo siku saba kabla ya kubadilisha chochote, upate uzito wake wa kawaida. Katika siku hizo pima pia mbegu unazoweka na zinazobaki. Puliza maganda kwanza. Bakuli la alizeti jioni huonekana limejaa, ukilipuliza maganda yanaruka yote na chini unakuta mbegu sita. Ndege wengi wameshinda njaa kwa sababu mwenyewe aliona maganda akadhani ni chakula.

Kisha anza. Wiki ya kwanza, katika gramu 30, mbegu ziwe 27 na peleti 3 zilizotwangwa ziwe unga na kupakwa juu ya mbegu zenye unyevu kidogo. Atazionja bila kujua wakati anamenya. Wiki ya pili 24 kwa 6, nusu ya peleti ikiwa vipande. Endelea kuongeza gramu 3 kila wiki, na ukiona amegoma rudi hatua moja, kaa hapo wiki nzima. Kwa ndege mzee kazi hii huchukua miezi miwili hadi minne, wengine zaidi. Usione aibu kuchelewa.

Zipo mbinu za kusaidia. Kasuku ana njaa zaidi alfajiri, hivyo weka peleti pekee kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, kisha mbegu. Lowesha peleti kwa maji ya uvuguvugu, au zivuruge na kiazi lishe kilichopondwa; chakula kilicholowa kitolewe baada ya saa mbili, kwa joto letu kinachacha upesi. Kaa mbele yake ujifanye unazila kutoka kiganjani. Kasuku ni ndege wa kundi, anachokula mwenzake anakiamini.

Nitajuaje nimezidisha?

Mizani itakuambia. Ndege wa gramu 450 akifika 427 amepoteza asilimia 5: rudisha mbegu nusu ya mlo. Akifika 405 amepoteza asilimia 10: simamisha zoezi, mpe chakula alichozoea, mpigie daktari. Kwa cherero wa gramu 50, asilimia 10 ni gramu 5 tu, na ndege mdogo hivyo asipokula siku nzima yuko hatarini.

Kinyesi nacho kiangalie. Anayekula peleti hutoa kinyesi kikubwa zaidi, laini, cha kahawia, na hunywa maji zaidi. Hiyo ni kawaida. Kinyesi kidogo, chembamba kama uzi, kijani kilichokolea, maana yake tumbo ni tupu hata kama umemsikia akitafuna, kwa sababu wengine husaga peleti na kuzimwaga chini. Ndege asiyenenepa wala kukonda, ukishika kifua chake unausikia mfupa wa katikati bila kukuchoma. Ukiwa mkali kama kisu, amekonda.

Zihifadhiwe vipi kwa hali ya hewa ya Mwanza?

Nunua ya mwezi mmoja. Kwa gramu 35 kwa siku, kilo moja inatosha kama siku 28. Ibaki kwenye mfuko wake, ukunjwe hewa itoke, uwekwe ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na jiko na dirisha. Wakati wa masika, unyevu wa ziwani huingia hata kwenye kopo linalofunguliwa kila mara, hivyo toa ya wiki moja kwenye chombo kidogo. Peleti yenye harufu ya ukungu au ya mafuta yaliyochacha, mwaga yote. Usichambue.

Zikikosekana kabisa, naweza kutengeneza nyumbani?

Mashine ya kubana itakupa umbo, haitakupa uwiano. Vitamini mchanganyiko za mifugo huwekwa kilo moja hadi 2.5 kwa tani nzima. Kwa kilo moja ya chakula ni gramu 1 hadi 2.5, na kuzisambaza sawasawa kwa mkono ni vigumu. Punje moja inakosa, nyingine inazidi.

Zikikatika, pika mlo laini: sehemu mbili za maharage au choroko zilizoiva kabisa, mbili za mahindi mabichi yaliyochemshwa au wali wa brauni, mbili za kiazi lishe, mbili za majani yaliyokatwakatwa, bila chumvi wala mafuta. Maharage yachemke hadi yabonyee kati ya vidole, kwani yakiwa mabichi yana sumu. Ganda la yai lichemshe dakika 10, likaushe, lisage liwe unga, umnyunyizie kasuku wa kijivu chembe ya vidole viwili mara tatu kwa wiki. Gawa mlo kwa vipimo vya siku moja, gandisha, na utoe kimoja kila jioni.

Mtoe pia kwenye jua la asubuhi dakika 20 hadi 30, tundu nusu likiwa kivulini ili ajisogeze akizidiwa na joto. Jua la kupitia kioo cha dirisha halimpi vitamini D.